Mtoto wa Nyoka si Nyoka

Maneno niliyoyasema mbele ya waamini, vijana na wageni wetu katika ukumbi wa parokia, Goma

Padri paroko, masista, wazee wetu, mama na baba wa mashirika, vijana, pamoja na ndugu zetu Waislamu wa kartye, mtaa wetu huu, mlioitika mwaliko: amani iwe kwenu.

Nimeombwa niseme juu ya dhambi ya asili na juu ya mahali uovu ulikotoka. Ni jambo nililolibeba moyoni tangu nikiwa kijana wa katekisimu, na miaka hii ya karibuni limekuwa zito zaidi, kwa sababu katika mji huu swali hilo haliulizwi na wanafunzi wa teolojia peke yao. Linaulizwa na mama aliyekimbia Masisi na godoro kichwani. Linaulizwa na kijana aliyezika ndugu zake baada ya mapigano ya Januari 2025. Na linajibiwa haraka mno. Jibu lenyewe mnalijua, maana sote tulilikuta kwa wazazi wetu: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Methali hiyo nimeisikia soko la Virunga, nimeisikia ndani ya basi, nimeisikia hata matangani, maiti ikiwa bado haijatoka nyumbani. Hutajwa pale mtu anapotaka kueleza kwa nini wale, wale wengine, hawatabadilika kamwe. Uovu umetoka wapi? Kwa baba yao, na kwa babu yao. Umo katika damu. Utakuwamo katika watoto wao ambao bado hawajazaliwa. Ukishakubali hivyo huna tena la kuuliza. Kilichobaki ni kutafuta fimbo.

Wengi wetu tunadhani hilo ndilo Kanisa linalofundisha linaposema dhambi ya asili. Adamu alikosa, damu ikaharibika, sisi tukazaliwa na damu iliyoharibika. Nimewasikia makatekista wazuri, watu wa sala, wakieleza hivyo, na watoto wakiitikia. Mimi nimekuja kusema kinyume. Ninaamini kwamba fundisho la dhambi ya asili, likieleweka vizuri, ni adui wa methali hiyo. Methali inasema uovu una kabila, una ukoo, una mlango wake unaoweza kuoneshwa kwa kidole. Fundisho linasema hakuna nyumba hata moja iliyo nje. Na kama hakuna aliye nje, basi hakuna mwenye haki ya kusimama kando akasema kiota cha nyoka kiko kule.

Lakini kwanza tuuondoe mlima njiani, kwa sababu huwezi kusema habari za uovu Goma bila watu kugeuza macho kaskazini. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulishuka ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukalichoma kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu, ukaishia ziwani. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama karibu kabisa na mji. Mara zote mbili walitokea wahubiri waliosema ni adhabu, na kila mhubiri alijua ni adhabu ya nani. Kwa mmoja ilikuwa ya walevi, kwa mwingine ya makahaba, na wa tatu akataja watu wa dini fulani.

Yesu aliwahi kuligusa jambo la namna hiyo. Mnara ulikuwa umeanguka Siloamu ukaua watu 18. Akauliza: mwadhani wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Kisha akajibu mwenyewe: nawaambia, sivyo. Neno hilo "sivyo" lingetosha kunyamazisha mahubiri mengi ya mwaka 2002. Nyiragongo haina dhambi. Ni moto ule ule uliotupa udongo mweusi wa Rutshuru unaootesha maharage, na mawe tunayojengea kuta zetu. Mateso unayoleta ni mateso ya kweli, nami sina maelezo ya kumpa mtu aliyepoteza mtoto kwenye lava. Kitabu cha Ayubu chenyewe kinafika mwisho bila kumpa Ayubu maelezo. Kinachotuhusu leo ni kingine: kile ambacho mtu anamtendea mtu.

Fungueni Mwanzo sura ya 3. Tumezoea kuisoma mbio mbio, tunda, nyoka, malaika na upanga. Mimi hukaa sana kwenye yale mazungumzo yanayofuata kula. Mungu anaita: uko wapi? Adamu anajibu: huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa. Mwanamke anajibu: nyoka alinidanganya. Angalieni Adamu alivyosema, "uliyenipa". Katika sentensi moja amemshitaki mkewe, na Mungu pia. Kabla ya kifo, kabla ya jasho na miiba, kabla ya damu ya Abeli, tunda la kwanza kuonekana la lile tunda ni kidole kilichonyooshwa kwa mwingine. Yaani ile hamu ya kuutafuta uovu kwa jirani imo tayari ndani ya dhambi ya kwanza. Anayesema "mtoto wa nyoka ni nyoka" anarudia maneno ya Adamu akidhani anaeleza kosa la wengine.

Kuna la pili, ambalo nililiona nikiwa mtu mzima. Mungu alimuuliza mwanamume, akamuuliza mwanamke. Nyoka hakuulizwa. Hakuna "kwa nini umefanya hivi?" Biblia inatuambia tu kwamba nyoka alikuwa mwerevu kuliko wanyama wote aliowafanya Bwana Mungu, naye basi alifanywa na Mungu, na mwisho wa sura ya 1 tumeshaambiwa kwamba kila kitu Mungu alichofanya kilikuwa chema sana. Uovu wake aliutoa wapi? Kitabu kinanyamaza. Tumeufuata mto hadi juu, na pale tulipotegemea kuona chemchemi hakuna kitu cha kuonesha. Zamani ukimya huu ulinisumbua. Sasa naupokea kama fundisho: hata bustanini, mtu wa kwanza aliukuta ushawishi uko pale tayari, na bado akahesabiwa kuwa yeye ndiye aliyekula.

Jaribuni wenyewe kwa historia yetu. Uovu uliingia Kivu lini? Mwingine atawaambia Julai 1994, wakimbizi wapata milioni moja walipovuka mpaka kwa siku chache, na kipindupindu kikaua hapa Goma hadi maiti zikalazwa kando ya barabara. Mwingine atasema hapana, ulikuja na mfalme Leopold wa Ubelgiji, tangu 1885, na kulazimishwa kugema mpira, na viboko. Mwingine atakumbusha misafara ya watumwa na pembe iliyopita Maniema kabla ya Wabelgiji. Na mzee mmoja kimya pembeni atakumbuka vita vya ng'ombe na vya mashamba ambavyo babu zake walipigana na majirani kabla ya mgeni yeyote. Kila unapofika, unakuta nyayo za aliyetangulia. Wote wanasema kweli. Hakuna hata mmoja aliyeshika mwanzo.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo fundisho hili linapoharibiwa na wenye nguvu. Kusema sote tumezaliwa ndani ya hali moja si kusema sote tumetenda sawa. Aliyembaka msichana na msichana mwenyewe hawasimami mstari mmoja. Aliyechoma kijiji na mama aliyetoka kijijini uchi usiku hawagawani kosa. Mtu akija kwenu baada ya vita akasema, "Ndugu zangu, sote ni wakosaji, tusameheane, tuyasahau," huku hataki mahakama, hataki jina la marehemu liandikwe, huyo anajifichia nyuma ya Adamu. Mungu hakumwambia Kaini kwamba kosa ni la baba yake. Alimuuliza: yuko wapi Abeli ndugu yako? Swali hilo lina jina la mtu mmoja, na jibu lake lilitakiwa kwa mtu mmoja.

Sasa niwaletee Mwafrika aliyeteseka na swali hili kuliko watu wengi: Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Katika Maungamo yake anasimulia kwamba akiwa na miaka 16 yeye na wenzake waliingia usiku katika shamba la jirani wakaiba mapeasi. Hawakuwa na njaa. Nyumbani kwao kulikuwa na mapeasi mazuri zaidi. Walionja kidogo, mengine wakawatupia nguruwe. Askofu mzima, mtu wa vitabu, anatumia kurasa nyingi kwa mapeasi, na wapo waliomcheka kwa hilo. Mimi simcheki. Aliona jambo la kutisha: walifanya kwa sababu ilikatazwa, na kila mmoja asingefanya kama angekuwa peke yake. Vijana, ninyi mnaojua jinsi kundi linavyoanza kuchoma mtu mtaani, mtu anayeitwa mwizi bila aliyeona akiiba, mnajua mapeasi yale ni nini.

Kwa miaka ipatayo tisa Agostino alifuata dini ya Mani, iliyosema ulimwengu una asili mbili, nuru na giza, na kwamba giza ni kitu chenye nguvu zake kinachopigana ndani ya mtu. Alikuja kuungama kwa nini ilimpendeza: ilimruhusu aseme si mimi niliyekosa, kuna kingine ndani yangu kilichokosa. Alipoiacha alifika mahali ambapo, kwangu mimi, ni zawadi kubwa ya Afrika kwa Kanisa lote. Alisema uovu hauna asili yake. Si kitu. Hauna mwili, hauna damu, hauna mbegu. Ni upungufu wa wema pale ambapo wema ulitakiwa kuwapo, kama upofu ulivyo katika jicho: jicho ni kitu, upofu ni kukosa kwake kuona.

Fikirini maana yake kwetu. Kama uovu si kitu, hauwezi kukaa katika damu. Hauwezi kuwa kabila, wala kupitishwa kwa maziwa ya mama au kuonekana katika urefu wa pua. Kila mtu unayemkuta, hata yule unayemwogopa, kwa kuwa yupo tu, ni chema kilichoumbwa na Mungu, kilichopinda. Anaweza kuwa amepinda vibaya sana. Bado hakuna mtu aliyetengenezwa kwa uovu.

Hata hivyo kwa Agostino huyo huyo nina neno. Alipobishana na Pelagio, yule mtawa kutoka Britania aliyefundisha kwamba dhambi ya Adamu ilitudhuru kwa mfano mbaya tu, alisukumwa hadi kusema kwamba mtoto mchanga akifa bila ubatizo anahukumiwa, ingawa kwa adhabu iliyo nyepesi kuliko zote. Maaskofu wa Afrika walikutana Kartago mwaka 418 wakamkataa Pelagio, na katika hilo naona walikuwa na haki. Lakini lile la watoto limeliza akina mama kwa karne nyingi.

Mama mmoja wa shirika letu alizika mtoto ambaye hakufikisha wiki. Ilikuwa kipindi cha mapigano, barabara imefungwa, padri hakuweza kufika. Aliniuliza, akiwa amekaa chini, bila machozi: Mwalimu, mtoto wangu amebeba dhambi gani? Sikutaka kumjibu kwa huruma tu, maana mwenye uchungu hutambua mara moja anapodanganywa. Nilimsomea Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ile ya mwaka 1992, namba 405: dhambi ya asili haina tabia ya kosa la binafsi katika mzao yeyote wa Adamu. Mtoto yule hakufanya kitu. Hana hatia. Namba 1261 inasema Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 wanateolojia wa Roma waliandika kwamba kuna sababu nzito za kutumaini watoto hao wameokoka. Nilimwambia pia maneno ya Ezekieli sura ya 18, ambako Mungu mwenyewe anakasirishwa na methali ya Waisraeli iliyosema baba walikula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Nabii anaikataza. Mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Ona, hata wao walikuwa na methali kama yetu, na Mungu aliiondoa vinywani mwao.

Ndugu zetu Waislamu wanaweza kutikisa kichwa hapa, kwa sababu wao hawana fundisho hili. Kwao Adamu alitubu, Mungu akapokea toba yake, mambo yakaisha, na hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Naliheshimu hilo. Na kuna aya ya Kurani ninayoirudia mara nyingi, ingawa mimi ni Mkristo. Ni pale Iblisi anapokataa kumsujudia Adamu. Anaulizwa kilichomzuia, naye anasema: mimi ni bora kuliko yeye, umeniumba kwa moto, naye umemuumba kwa udongo. Sikilizeni sauti hiyo. Uasi wa kwanza ni mtu kujivunia alikotoka. Asili yangu moto, asili yako udongo. Katika mji wetu sauti hiyo tunaisikia kila siku, na husemwa na watu wanaojiona wanapigana na shetani.

Basi kama haturithi hatia, wala damu mbaya, tunarithi nini? Wapo waliojibu kwamba haturithi chochote. Mwanafalsafa Rousseau, katika karne ya 18, alisema mtu huzaliwa mwema, na jamii ndiyo inayomharibu. Ni jibu zuri, ila nataka kujua jamii hiyo imeundwa na nani kama si na hao hao waliozaliwa wema.

Jibu langu nimelipata hapa hapa tulipo. Nyote mnajua mazuku. Ile hewa inayotoka ardhini kwenye nyufa za mawe, hasa upande wa magharibi wa mji karibu na ziwa, nzito kuliko hewa tunayovuta, inakaa kwenye mabonde na mashimo. Haina rangi, haina harufu ya kukuonya. Asubuhi kabla ya upepo unakuta kuku amelala, mbuzi amelala. Na mtoto anaanguka kabla ya baba yake, kwa sababu ni mfupi. Nani alikosa? Si mtoto. Hata ukimchunguza damu usiku kucha hutakuta hatia. Lakini hewa ipo, alizaliwa katika bonde, na inaua kweli. Ndivyo ninavyoielewa dhambi ya asili. Ni hali tuliyoikuta, tunaivuta kabla ya kujua kusema, na walio chini, maskini na wadogo, wanaivuta kwanza. Tofauti ni moja nayo ni kubwa: mazuku hutoka ardhini, na hewa hii ya pili tunaiongeza sisi wenyewe kila tunapopumua.

Mfano ni mtoto wa mtu wa ofisi. Mshahara haukuja miezi, baba ana muhuri mkononi, anaomba madesu ya bana, yaani hongo, anapewa, jioni nyumbani kuna wali. Mtoto wa miaka mitatu amekula. Hana kosa. Lakini mwili wake umejengwa na ile hela, na akikua atakuwa ameona ndivyo dunia ilivyo, ule msemo wetu wa Artikle 15, kila mtu ajipange. Siku atakapopewa muhuri wake hatahitaji shetani wa kumshawishi. Wala baba hakuwa nyoka. Alikuwa mtu aliyekosa mshahara na mwenye watoto. Ukitaka kumjua aliyeanza, rudi kwa bosi wake, na kwa bosi wa bosi, hadi utakapofika kwa wafu.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na Pelagio. Kumwambia mtu aliyezama kwenye mazuku "inuka utoke kwa nguvu zako" ni ukatili. Anahitaji mkono wa aliye juu ya ile hewa. Sisi Wakristo tunasema mkono huo umeshuka, na aliyeshuka aliivuta hewa yetu hadi ikamuua. Ubatizo ninauelewa hivyo: ni kushikwa. Kumwosha mtoto uchafu alioutenda haiwezekani, maana hakuutenda.

Hayo yote hayamaanishi kwamba tumefungwa. Kaini alikuwa mwana wa Adamu, mzao wa kwanza wa wale waliokula. Kama methali ingekuwa kweli, Mungu asingepoteza neno kwake. Lakini kabla ya shambani, kabla ya kuua, Mungu anaongea naye: dhambi inakuotea mlangoni, nayo inakutamani wewe, walakini yapasa uishinde. Yapasa uishinde! Anaambiwa hivyo mtoto wa walioshindwa. Mungu aliamini Kaini angeweza. Mimi nadhani hakuna neno la heshima kubwa zaidi lililowahi kusemwa kwa muuaji kabla hajaua.

Na tunaye wa kwetu. Floribert Bwana Chui Bin Kositi alizaliwa Goma mwaka 1981, akavuta hewa hii hii. Alisoma sheria. Kwenye Jumuiya ya Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, alikuwa akiwahudumia maibobo, watoto wa mitaani ambao mji mzima umeshaamua watakuwa wezi. Alipata kazi ya kukagua bidhaa mpakani, na mwaka 2007 ilifika shehena ya chakula kilichoharibika. Alipewa hela aipitishe, akakataa. Alitishwa, akakataa. Alitekwa, akateswa, akauawa Julai mwaka huo, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Mimi sipendi tukimfanya kuwa picha ya ukutani mapema hivi. Hakutoka mbinguni. Alikuwa kijana wa ofisi mwenye muhuri, na njia ya kawaida ilikuwa wazi mbele yake, na sote tungemwelewa kama angeipita. Hewa aliyoivuta tangu utotoni haikumwamuru. Wale ambao wangekula chakula kile hawajui kwamba wamo katika habari hii. Labda wamo humu ukumbini.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ni kwa viongozi wa mashirika, na ndilo hasa lililonileta. Katika kartye zetu bado watoto wanaitwa wachawi. Baba amepoteza kazi, mtoto wa mke wa kwanza anaota usiku, mtu wa Mungu wa kibanda fulani anatabiri, na mtoto wa miaka saba anafungiwa, ananyimwa chakula, anachomwa ili aseme. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, nayo sheria inaadhibu. Lakini sheria iko mbali na uzio wa nyumba, na wanaofanya hivyo hujitetea kwa dhambi ya asili. Wanasema: si mnafundisha kwamba mtoto anazaliwa na uovu ndani? Hapana. Kanisa halifundishi hivyo, ingawa baadhi yetu tumeeleza hivyo, na kila katekista aliyemo humu alikatae hilo wazi wazi Jumapili hii, kwa Kiswahili ambacho kila bibi atakielewa. Mtoto yule ndiye mfupi kuliko wote bondeni. Wazazi wakija kwenu wamemshika mkono wakitaka aombewe atolewe uchawi, msiwaombee hivyo. Mpokeeni mtoto kwanza, mpeni chakula, alale kwa mmoja wenu, halafu niiteni. Nitakuja, hata usiku, tukae na baba na mama yake tuzungumze juu ya ile kazi iliyopotea.